Rangi ya Kiwanja Namba 27

Kaloleni, Arusha
14 Machi 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo. Natumaini masika haya yamekukuta salama na goti lako limeacha ukorofi. Sisi huku tuko siku ya tatu ya Ramadhani, na fundi cherehani hufunga kwa shida kuliko wengine, maana wateja wote wanataka nguo za Idi siku moja. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mara ya mwisho tuliongea dakika kumi nzima, mimi nikisema habari za tofali, wewe ukinijibu habari za mbolea. Kwa masikio hayo sikulaumu, umri ni umri. Barua hii atakuletea mkweo Irine akishamaliza kuuza ndizi zake.

Sasa jambo lenyewe. Jana nilikwenda ofisi ya ardhi kuomba kibali cha kujenga kwenye kile kiwanja ulichoniuzia mwaka juzi, namba 27, hapo mbele ya nyumba yako. Nilimkuta dada mmoja mpole mwenye miwani, ndiye afisa mipango miji. Akafungua kwenye kompyuta mchoro wa viwanja vya mtaa wenu, ule uliochorwa mwaka 2019. Viwanja vyote vya makazi vina rangi moja, changu kina yake peke yake. Akaniambia, "Mama, hapa hapajengwi nyumba ya kuishi. Mchoro unasema ni mahali pa kuabudia." Nikacheka. Nikamwambia mimi kuswali naswali, lakini nataka na kulala. Yeye hakucheka.

Amenieleza kwamba mchoro unaweza kurekebishwa, ila kuna hatua zake. Kwanza mwenye shamba la asili, yaani wewe, aandike barua kueleza kwa nini kiwanja kiliwekwa cha ibada na kwa nini sasa kiwe cha makazi. Kisha bango linasimamishwa hapo kiwanjani siku thelathini ili mwenye pingamizi aseme. Majirani wanatoa maoni, halafu Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri inakaa na kuamua.

Naona ni kosa la wachoraji tu. Andika hiyo barua mistari mitano, umpe Irine. Sina haraka, chumba ninachopanga hapa kinanitosha, lakini tofali zangu ziko kwako zinaota majani.

Wako,
Swabaha, Mama Luqman


Mlimani, juu ya Kimandolu
19 Machi 2024

Mama Luqman,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yako. Mwandiko wako ni mzuri, nimeusoma bila miwani mpaka kwenye neno "kompyuta", hapo nikaivaa.

Mvua ni nyingi. Migomba miwili imelala chini, na kahawa imechanua vizuri kiasi kwamba naogopa kuisifu. Goti halijambo asubuhi, jioni linanikumbusha. Tofali zako nimezifunika kwa karatasi la nailoni hapa uani kwangu.

Kuhusu mchoro, hawa watu wa kompyuta wana mambo mengi. Huenda walikosea. Nitaiangalia habari hiyo baada ya Pasaka, nikipata nafuu ya kutembea mpaka ofisi ya mtaa. Ila nimewaza jambo moja. Ninacho kipande kingine kule bondeni, karibu na mfereji, ni kipana kuliko hicho na hakina maneno. Kwa nini usichukue hicho, tubadilishane tu, tofali nitakuhamishia kwa punda? Fikiri.

Nakutakia funga njema.

Naftali Sakaya


Kaloleni
12 Aprili 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo. Idi ilikuwa nzuri, namshukuru Mungu. Sasa nimepumzika, nina nguvu za kukasirika, kwa hiyo nivumilie.

Nilirudi ofisi ya ardhi. Yule dada amenitolea faili la mwaka 2019, lina taarifa ya kikao mlichokaa na wachoraji pale ofisi ya mtaa. Imeandikwa wazi: mwenye shamba amependekeza mwenyewe kiwanja namba 27 kiwe cha kuabudia. Chini yake kuna sahihi yako, N. Sakaya, na ule mkia wa herufi ya mwisho unaoupinda kama ndoana. Ninayo sahihi hiyohiyo kwenye mkataba wangu wa mauziano. Hawakukosea, Mzee. Na wewe ulijua hawakukosea uliponiandikia.

Mimi nashona nguo mwaka wa thelathini huu. Namjua mtu aliyekata kitambaa vibaya kisha akamsingizia mkasi.

Nimekaa nikajiuliza, mzee huyu ana nini? Tulifahamiana ulipokuja kuchukua gauni la marehemu mkeo, Mama Hanna, gauni alilolileta mwenyewe asiwahi kulivaa. Ulikaa kwenye kile kiti cha wateja karibu saa nzima, nikakupikia chai. Ukaniambia una kiwanja. Sikukuomba, ulinipa mwenyewe. Sasa unataka nihamie bondeni, mbali na macho. Ninalo jibu moja tu, nalo linaniuma. Nadhani majirani zako wamekuuliza kwa nini umemleta Mwislamu katikati ya watu wa usharika, mbele ya mlango wako kabisa, na umeshindwa kuwajibu. Kama ni hivyo, niambie. Nimeishi Arusha hii maisha yangu yote, nimewashonea majoho kwaya tatu za Kilutheri, sikutegemea kusikia hilo kwako. Lakini afadhali nilisikie kuliko kupewa habari za migomba.

Mpaka mwisho wa mwezi usiponijibu sawasawa, nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mkataba wangu mkononi.

Swabaha

Nilikudanganya na mimi, nisijifanye msafi. Chumba hiki hakinitoshi. Mwenye nyumba ametuambia tangu Januari kwamba anabomoa ajenge ghorofa, na wapangaji wote tuwe tumetoka mwisho wa Septemba. Sikutaka uone nina shida. Kiwanja hicho ndicho kila kitu nilicho nacho hapa duniani, ukiacha cherehani.


Mlimani
16 Aprili 2024

Mama Luqman,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika, ya pili niliona aibu, ya tatu nikaenda kutafuta kalamu.

Si dini yako. Nakuapia. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kama mama mshonaji atahamia lini, kwa sababu ana mabinti wanne na wote hawana sare za shule. Hilo ndilo neno pekee nililosikia juu yako, na kwa masikio haya ujue lilisemwa kwa sauti.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka 2018 mke wangu Hanna alilazwa wiki tano. Siku moja daktari alinitoa nje ya wodi akaniambia nijiandae. Nikaenda nyuma, kule wanakoanika mashuka, nikasema: Mungu, ukinirudishia huyu mwanamke, kile kipande cha shamba kilicho mbele ya nyumba yangu ni chako, watu wako wajenge hapo mahali pa kukuabudu. Nilisema kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa anafua akaitikia amina.

Hanna akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata wakaja wachoraji, kila mwenye shamba akaambiwa aonyeshe wapi patakuwa barabara, wapi makazi, wapi huduma za watu wote. Nikaona hapo ndipo pa kutimiza neno langu. Nikasema cha mbele ni cha ibada, nikatia sahihi. Hanna sikumwambia. Pale ndipo alipolima maharage yake, na kwetu Wameru shamba la maharage la mke mume haligawi hivihivi akabaki na amani. Mchungaji naye sikumwambia, nilitaka niende siku ya mavuno na hati mkononi, niitoe mbele ya watu. Hati ikachelewa. Nami, Mungu anisamehe, nikaona vizuri ichelewe, maana maharage yalikuwa yanazaa na Hanna alikuwa anaimba huko shambani. Nikawa nasogeza siku. Mavuno haya hapana, yajayo. Mwezi wa kumi na moja 2021 akafa, kwa ugonjwa uleule.

Nilijua kwa nini amekufa. Hakuna aliyeniambia, nilijua. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena kiwanja hicho, nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda kwenye kahawa. Ulipoketi mbele yangu ukinipikia chai, na gauni lake limekunjwa juu ya meza yako, nikaona bora kikae mtu mwema kuliko kukaa magugu yananitazama. Nikajiambia mchoro umeshasahauliwa kabatini.

Ndiyo sababu naliogopa hilo bango. Litasimama njia panda, litaandikwa kiwanja kimetoka ibada kwenda makazi, na usharika mzima utasoma kwamba Naftali alimpa Mungu kitu halafu akakiuza. Kuandika mistari mitano nimejaribu mara nne. Kila nikifika "kwa nini" mkono unakataa.

Nisamehe kwa habari za migomba. Na nisamehe zaidi kwa chumba chako, sikujua.

Naftali Sakaya


Kaloleni
20 Aprili 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima, hata gauni la bibi harusi nimelishona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, ikabidi nifumue. Maneno yangu ya majirani na Uislamu nayarudisha. Nilikuwa nimeumia, na mtu aliyeumia hutafuta pa kuelekeza kidole.

Kuhusu nadhiri, sitakuambia ni jambo dogo. Hata kwetu nadhiri ni nzito, mtu haiweki kisha akaikunja mfukoni. Kwa hiyo mimi si wa kukufungulia, na yule dada wa miwani si wa kukufungulia. Waliopo ni mchungaji wako na wazee wa kanisa. Nenda kwao kabla ya bango. Wakisikia kutoka kwako mwenyewe ni toba, wakisoma njia panda ni umbea.

Na nikuambie lililo gumu kwangu. Wakisema kiwanja ni chao, nitakwenda bondeni. Nimeshaamua. Nitalia siku mbili, ya tatu nitamwomba Irine anionyeshe mfereji uko upande gani. Sitaki kulala chini ya bati ambalo jirani yangu akilitazama anaona dhambi yake.

Hilo la kwamba Mungu alimchukua Mama Hanna kwa sababu ya kiwanja, mimi silijui na wewe hulijui. Ulipokuja kwangu ulisema madaktari walimpa siku, akaishi miaka mitatu. Ningekuwa wewe ningeanzia kuhesabu hapo.

Nenda Jumapili hii. Au ile ya pili. Lakini si "mavuno yajayo".

Swabaha


Mlimani
29 Aprili 2024

Mama Luqman,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu kwenye kanyagio.

Jana baada ya ibada niliomba kuonana na Mchungaji Prisca pamoja na wazee wawili wa kanisa. Mmoja wao ni Fanuel, jirani yangu wa juu, yule mwenye ng'ombe. Kila asubuhi nanunua maziwa kwake, tumekua pamoja. Nilivaa koti. Kwa sababu ya masikio yangu, mchungaji alileta daftari, mimi niseme kwa mdomo na wao wajibu kwa kuandika.

Nikasema yote. Wodi, mashuka, wachoraji, maharage, mauzo. Nilikuwa natazama meza. Nilipomaliza nikainua macho, nikamwona Fanuel anacheka. Nakwambia anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na mzee mwenzake anampigapiga mgongoni. Mimi nikainuka nichukue fimbo yangu niondoke. Mchungaji akanishika mkono, akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: MZEE, NADHIRI HII ILISHATIMIZWA MWAKA 2020. KAA.

Nikakaa.

Hanna alijua. Mwaka 2020 ramani ya viwanja ilibandikwa ukutani pale ofisi ya mtaa ili watu waione. Mimi sikwenda kuiangalia kwa kuwa niliijua. Yeye alikwenda, akaliona shamba lake la maharage limeandikwa mahali pa kuabudia. Akamuuliza mwenyekiti ni nani kasema hivyo, akaambiwa ni mume wake. Hakuja kuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Mchungaji Prisca, aliyekuwa amehamia kwetu mwezi uleule, akamwambia: "Mume wangu ameweka nadhiri kwa ajili yangu, nahisi ni nilipokuwa hospitali, na anaogopa kuniambia. Kiwanja kile siwezi kukitoa, ndicho kinachotulisha. Lakini sitaki awe mwongo mbele za Mungu. Nina ng'ombe wangu mwenyewe, mtamba, mpokeeni badala yake." Wazee wakakaa, wakaomba, wakampokea. Jumapili iliyofuata mtamba akanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi nilikuwa Nduruma wiki mbili napalilia mahindi. Niliporudi Hanna aliniambia mtamba amempeleka kwa dada yake kule Poli.

Aliyemchukua mtamba pale mnadani ni Fanuel. Ndiyo maana alikuwa anacheka. Aliandika kwenye daftari: "Miaka minne nakushukuru kwa ule mtamba, kila asubuhi ukija na chupa yako, na wewe unaitikia kwa kichwa." Ni kweli, Mama Luqman. Mimi nikiona mdomo unatembea naitikia kwa kichwa, kwa sababu naona haya kusema sisikii. Maziwa ninayotia kwenye chai yangu ni ya ng'ombe wa Hanna.

Nikamuuliza mchungaji kwa nini Hanna hakuniambia. Akaandika taratibu, nikaona ananitafutia maneno: "Nilimuuliza. Alisema atakuambia siku ile wewe utakapomwambia."

Kwa hiyo tulikaa mwaka mzima kwenye nyumba moja, kila mmoja akimngojea mwenzake. Hapo nililia, sikuona haya tena. Lakini nataka ujue nililia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alikufa akijua. Alikufa hana lawama na mimi, na mimi sina lawama mbele za Mungu, miaka yote hii.

Barua ya usharika wa kutokuwa na pingamizi imeambatanishwa humu, ina mhuri. Wanasema kanisa linalo eneo lake kubwa lililopimwa, halihitaji namba 27. Barua yangu nayo imo. Haikuwa mistari mitano, ni kurasa mbili, yule dada wa miwani anisamehe.

Naftali


Kaloleni
3 Mei 2024

Mzee wangu,

Shikamoo, na hongera. Sijui kama mtu hupewa hongera kwa jambo kama hilo, lakini mimi nakupa. Nimecheka, nikalia, nikawasomea wanawake wa uani kipande cha maziwa tu, wakaniomba nirudie.

Mama Hanna nilimshonea miaka sita na sikujua kumbe ni mtu wa namna hiyo. Nakumbuka tu kwamba alikuwa anauliza bei, ananyamaza, analipa, halafu anaondoka ametabasamu peke yake. Sasa ninajua alikuwa na vya kutabasamia.

Barua zote nimezipeleka. Yule dada alisoma yako kurasa zote mbili nikiwa nimesimama mbele yake. Akavua miwani akaifuta. Akasema kwa kawaida maelezo huwa mafupi zaidi, lakini ataiweka kwenye faili hivyohivyo. Bango litaletwa wiki ijayo. Nimeogopa kidogo kusema, ila naanza kuiona nyumba. Vyumba viwili, jiko, na baraza ndogo ya cherehani.

Swabaha


Mlimani
11 Juni 2024

Mama Luqman,

Bango limemaliza siku zake thelathini. Naona ni haki yako kupata taarifa kamili.

Siku ya kwanza wamelisoma watu wengi. Siku ya pili walikuwa wamechoka nalo. Mbuzi wa jirani amekula kona moja ya karatasi lakini namba bado inasomeka. Maoni ya majirani yamekusanywa, wote wamekubali isipokuwa mama mwenye mabinti wanne, aliyeandika kwamba anakubali kwa sharti mshonaji ahamie kabla shule hazijafunguliwa. Mwenyekiti amemweleza kwamba hilo si pingamizi.

Wanakamati walikuja kukiangalia kiwanja juzi. Mmoja aliniuliza kitu, nikakumbuka Fanuel, sikuitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Sisikii, andika." Akaandika: "Kwa nini unataka kibadilishwe?" Nikamjibu kwamba nyumba ikisimama hapa asubuhi nitakuwa na mtu wa kumwamkia. Sijui kama ni jibu la mipango miji, lakini aliliandika.

Na jambo moja la aibu. Jumamosi nilikwenda kaburini kwa Hanna, pale kwenye migomba nyuma ya nyumba, nikamsimulia yote, kwamba nimejua habari za mtamba, kwamba alinishinda, kwamba ningemwambia mapema tungecheka wawili. Mimi nilidhani nanong'ona. Jioni Irine akaniletea loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, pamoja na karatasi: "Baba, tumekusikia mpaka barabarani. Watu wamefurahi." Basi siri haipo tena, na nimegundua kwamba sijaikosa.

Naftali


Kaloleni
18 Julai 2024

Mzee wangu,

Wamepitisha.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje tangu saa tatu asubuhi. Yule dada akatoka mwenyewe kuniita, akanisogezea kiti, akageuza kompyuta nione. Akasema kamati imeridhia marekebisho ya mchoro, kiwanja namba 27 kinakuwa makazi. Halafu akabonyeza. Mzee, nimeona rangi ikibadilika kwa macho yangu, kikawa sawa na vingine vyote, huwezi kukitofautisha. Miezi minne ya presha, na kazi yenyewe ilikuwa ya kidole kimoja.

Nikamshukuru huku nalia. Nikatoka nikarudi kwenye lile benchi, watu wakadhani nimekataliwa, mama mmoja akanipa leso na kuniambia nikate rufaa. Nikamwambia hapana, nimekubaliwa. Akaninyang'anya leso akaanza kulia na yeye, kumbe ana faili lake humo ndani.

Mwanangu Luqman anakuja na fundi Jumatatu. Karatasi lako la nailoni liondoe.

Swabaha


Mlimani
21 Julai 2024

Mama Luqman,

Nimeliondoa. Tofali ziko salama, ila kuku wangu mmoja ameatamia katikati yake na mayai tisa. Mwambie fundi aanze kuzichukua upande wa barabara.

Nimelala vizuri siku tatu mfululizo. Goti pia limetulia, sijui nalo lilikuwa linangoja kamati.

Naftali


Kiwanja namba 27
28 Septemba 2024

Mzee Naftali,

Shikamoo. Nimehamia jana. Mlango wa jiko bado, kwa sasa pana khanga. Bati likipata jua linalia, sakafu ina vumbi la simenti ambalo nimelifagia mara nne na bado lipo. Kule Kaloleni wameanza kung'oa madirisha, na sikugeuka kutazama. Asubuhi nimeamka nikakaa tu kitandani kwa sababu hakuna mtu yeyote duniani wa kuniambia nitoke.

Barua hii sikumpa Irine. Nimevuka nayo mwenyewe, ni hatua arobaini na mbili, na sasa nimeketi mbele yako nakutazama unavyoisoma. Nimepika chai na maandazi. Sijamkaribisha mtu mwingine bado, nataka wewe uwe wa kwanza kuingia. Najua una miaka mitatu hujakanyaga hapo. Ukiona bado ni mapema, andika hapa chini, chai nitaileta huku na sitanuna.

Swabaha, jirani yako


Ngoja nivae viatu.

Naftali